Mkono wa Usukani

Karakana ilikuwa Namuwongo, hatua chache kutoka kwenye reli, na mwenyewe alikuwa Kalasinga mmoja mzee aliyenichukua kazini nikiwa sijui hata kushika koleo. Nilikuwa nimetoka Kenya, upande wa magharibi, na barua ya mchungaji mfukoni. Mzee hakuisoma ile barua. Alinitazama mikono, akaniuliza kama najua kusoma tarakimu. Nikasema najua. Basi akanipeleka kwenye tanuri, na hapo ndipo nilipokaa miaka yangu yote ya Kampala.

Tanuri lenyewe lilikuwa na ukubwa wa kabati la nguo. Lilijengwa kwa matofali ya moto, likavikwa bati nene, na liliwaka kwa dizeli iliyopulizwa na feni. Ubavuni lilikuwa na chombo ambacho mzee alikipenda kuliko gari lake. Ndani ya kisanduku cha kioo mlikuwa na karatasi ya duara iliyozunguka polepole kama saa, na kalamu ndogo iliyochora juu yake mstari wa joto. Joto likipanda, mstari unapanda, likishuka, unashuka. Kila kazi iliacha karatasi yake. Kabla ya kuwasha moto niliandika kwenye karatasi hiyo tarehe na jina la kifaa, kisha nikatia sahihi yangu. Kazi ikiisha, mzee aliichukua, akaivalia miwani, na kama mstari umenyooka aliitundika kwenye msumari bila kusema neno. Kunyamaza kwake ndiko kulikuwa kusifiwa.

Watu wengi hudhani kazi ya kuchomelea huishia pale vipande viwili vinaposhikana. Kwa chuma cha dirisha au cha geti, ni kweli. Lakini sisi tulitengeneza vyuma vya aloi, vile vilivyochanganywa na madini mengine ili viwe vigumu: shafti, gia, ekseli za malori, meno ya mashine za viwanda vya sukari. Chuma cha namna hiyo ukikichomelea, pale palipoyeyuka hupoa na kutaka kujikunja, na pembeni palipobaki baridi hukataa. Mvutano huo hubaki ndani. Kwa macho huoni kitu. Kifaa kimenyooka, mshono unang'aa, mwenye mali anashukuru na kuondoka. Siku ya tatu au ya nne kinapasuka.

Niliwahi kukisikia kimoja kikipasuka. Kilikuwa shafti nene kama mkono wangu, kilichochomelewa na fundi mgeni aliyekuwa na haraka, na kilikuwa kimelala juu ya benchi, hakuna aliyekigusa. Tulikuwa tunakula mchana. Kilitoa mlio kama sahani iliyoangushwa kwenye sakafu ya saruji. Mzee hakugeuka hata kutazama. Aliendelea kumega chapati yake na kusema kwa Kiswahili chake, "Sikia. Hiyo hapana lala."

Kulala, kwake, ndiko kulikuwa tiba. Unakipasha chuma moto kabla ya kukichomelea, kisha kingali moto unakirudisha tanurini. Unakipandisha taratibu mpaka nyuzi mia sita na kitu, unakiacha hapo saa nzima kwa kila inchi ya unene wake, halafu unazima moto na kukiacha kipoe humo humo, mlango umefungwa, mpaka kesho yake. Ukifungua mapema umeharibu. Ukikimwagia maji umefanya jambo baya zaidi, bora usingekiweka tanurini kabisa. "Hapana fungua," alikuwa akiniambia nikisogea karibu na mlango. "Chuma nalala."

Aliyekuwa akichomelea vitu nilivyovilaza mimi alikuwa kijana wa Kiganda, mtu wa Mengo, mwenye mikono mitulivu kuliko yote niliyopata kuiona. Mshono wake ulikuwa kama magamba ya samaki, yamepangana sawasawa. Tulikuwa tukifanya kazi bila kusemeshana. Yeye akiinua tu kofia yake ya kuchomelea, mimi nilikuwa tayari na koleo. Jumapili moja alinialika kwao baada ya ibada. Ndipo nilipomwona dada yake, akileta maji ya kunawa, akipiga magoti kama desturi yao ilivyo. Sitaandika mengi juu ya hilo. Baada ya mwaka mmoja nilipeleka posa, ndugu zangu wawili walitoka Kenya kuja kunisimamia, na yule rafiki yangu akawa shemeji yangu. Tangu siku ile hakuniita tena kwa jina langu. Aliniita muko, kama Waganda wanavyoitana mashemeji, na mimi nikamwita hivyo hivyo. Nilikuwa sina ndugu mwingine katika mji ule.

Kisha Rais akawapa Wahindi siku tisini wawe wametoka nchini. Mzee Kalasinga aliondoka na sanduku moja. Asubuhi ya mwisho alikuja karakana, akapitisha kiganja chake juu ya mlango wa tanuri kama mtu anayempapasa ng'ombe, akanipa makopo mawili ya karatasi za duara ambazo alijua hazitapatikana tena. Wiki chache baadaye karakana ilipewa meja mmoja wa jeshi, mtu mnene mwenye sauti nyembamba, ambaye alitukusanya na kutuuliza, "Hapa nyinyi nafanya kazi gani?" Tukamweleza. Akasema vizuri, tuendelee. Akamteua shemeji kuwa msimamizi, kwa sababu alikuwa mwenyeji na mimi nilikuwa mgeni. Niliona ni haki. Usiku ule ule mke wangu alichinja kuku.

Miaka ilivyokwenda, vitu vilizidi kuadimika. Vipuri havikuingia tena nchini. Kilichovunjika kiliunganishwa, na kikivunjika tena kiliunganishwa tena. Ndivyo ulivyotufikia ule mkono wa usukani.

Ulitoka kwenye lori la jeshi ambalo meja alilitumia kwa biashara zake mwenyewe. Mkono wa usukani ni kile chuma kifupi, kilichopinda, kinachopokea amri ya dereva na kuligeuza gurudumu la mbele. Ulikuwa umepata ufa karibu na shingo. Mzee Kalasinga asingekubali hata kuutazama. Kwake vitu vya usukani na vya breki havikuchomelewa, vilinunuliwa vipya. Nilimwambia shemeji hivyo.

"Vipya vitoke wapi, muko?" alinijibu. "Meja anataka lori lake. Wewe utamwambia hapana?"

Sikuweza kumwambia hapana. Nikasema basi, kama ni lazima, tuufanye kwa utaratibu wake wote, bila kuruka hatua. Akakubali. Tena alikubali kwa moyo. Nilimwona mwenyewe akivikausha vijiti vya kuchomelea kwa uangalifu, akiusaga ule ufa mpaka mwisho wake. Asubuhi yake nilianza mapema. Niliandika karatasi, nikatia sahihi, nikaupasha mkono joto la kwanza. Nikautoa, shemeji akauchomelea ungali moto, nao ulikuwa mshono mzuri kuliko yote aliyowahi kufanya. Nikaurudisha tanurini. Ilipofika saa tano mstari ulikuwa umefika mia sita na ishirini, na kalamu imetulia. Ulihitaji saa mbili hapo, kisha kupoa mpaka kesho.

Saa tano na nusu alikuja jirani yetu, mama mmoja muuza vitumbua, amekimbia njia nzima. Mke wangu alikuwa ameshikwa na uchungu, wamempeleka hospitali Mengo, na mambo hayaendi vizuri. Nilisimama pale nikiwa na koleo mkononi, natazama kalamu.

"Nenda," shemeji aliniambia. "Huyo ni dada yangu. Nenda! Tanuri nitabaki nalo mimi."

"Usizime kabla ya saa saba. Na usifungue mpaka kesho asubuhi."

Akacheka. "Muko, unanifundisha mimi?"

Nikaenda. Binti yetu wa kwanza alizaliwa saa kumi jioni, kitovu kimemzunguka shingoni, kimya, mpaka mkunga alipompiga kofi la pili. Nililia mbele ya watu.

Kesho yake nilipofika kazini mkono haukuwamo tanurini. Ulikuwa umekwisha fungwa kwenye lori, na lori limeondoka. Nilimuuliza shemeji aliutoa saa ngapi.

"Jana jioni kabisa. Ulikuwa umepoa."

"Na karatasi?"

"Ofisini. Meja anataka kuziona zote sasa. Habari za mtoto?"

Nikamweleza habari za mtoto. Kulikuwa na njia ya kukagua ufa ambayo mzee alinifundisha: unapaka mafuta ya taa, unapangusa, unanyunyiza unga wa chaki, na kama kuna ufa hata mwembamba kama unywele mafuta yanautokeza. Ningeweza kusema lori lirudi tulikague. Sikusema. Nilikuwa na furaha, na aliyekuwa akiniambia mambo yako sawa alikuwa mjomba wa mtoto wangu.

Siku ya nne lori lilipinduka kwenye njia ya Jinja. Mkono ulikatika penye kona, gurudumu likaenda upande wake. Dereva alivunjika nyonga. Lakini jambo lililozungumzwa mji mzima halikuwa dereva. Magunia yalipasuka na kahawa ikamwagika barabarani, kahawa nyingi mno, ikielekea mpakani katika lori la jeshi, wakati ambapo raia wa kawaida alikuwa akipigwa risasi kwa magunia mawili ya magendo. Watu walikuja na vikapu. Waliona wote.

Nilipata habari hiyo Jumatatu mchana. Jioni nilikwenda kwa mama mkwe, Mengo, ambako mke wangu alikuwa akipumzika na mtoto. Nilibeba ndoo ya maji kutoka bombani. Kwa Waganda mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, kwa hiyo nilibisha na kukohoa ili mama apate kuingia chumba cha ndani. Shemeji alikuwa amefika kabla yangu. Nilipoingia walikuwa wamenyamaza, na mke wangu alikuwa akimtazama mtoto kwa makini sana, kama mtu anayesoma. Nilidhani ni woga wa ile ajali. Mimi pia nilikuwa na woga. Nikamwambia shemeji, "Tutasema ukweli. Tutamwambia meja kwamba vitu vya usukani havichomelewi." Akaitikia kwa kichwa. Akaaga.

Jumanne asubuhi meja alikuja na askari wanne. Alikitupa kile kipande kilichokatika juu ya benchi, mbele yetu sote. Nilikiinua kabla ya kufikiri, ni mazoea tu, nikakigeuza kwenye mwanga. Mpasuko ulipita kando ya mshono, si ndani yake. Ulikuwa mkavu, umemetameta kama sukari. Mshono wa shemeji ulikuwa mzima kabisa.

"Afande," nilisema, "hiki hakikukaa tanurini muda wake. Kilitolewa mapema, tena kimepozwa kwa maji."

Nilidhani ninamsaidia kuelewa. Meja alinitazama.

"Mutu ya tanuri ni nani?"

Mafundi walikuwa wanane na wote walitazama chini.

"Nimeuliza!"

Ndipo shemeji aliposema, kwa sauti ya kawaida kabisa, ile aliyozoea kuombea kijiti kingine, "Ni huyu, afande. Alizima moto akaenda zake kabla ya wakati." Akatia mkono mfuko wa shati, akatoa karatasi ya duara iliyokunjwa mara nne. Akaikunjua juu ya benchi, akailaza vizuri kwa kiganja. Mstari ulipanda, ukatulia kidogo, kisha ukaanguka wima kama ukuta. Pembeni palikuwa na tarehe, jina la kifaa, na sahihi yangu.

"Muko," nilisema. "Saa ile mimi nilikuwa Mengo. Wewe ndiye uliyenituma."

Hakuniangalia. Alikuwa bado anailainisha ile karatasi, mikunjo yake haitaki kukaa.

"Mukenya," meja alisema polepole, kama aliyepata kitu alichokuwa akikitafuta. "Nani alikutuma kuharibu gari ya jeshi?"

Nilikaa ndani wiki tano, katika nyumba moja nje ya mji ambayo hata sasa sipendi kuitaja. Walinipiga siku mbili za mwanzo, na sikio langu la kushoto halijasikia tangu hapo. Kisha waliniacha. Nilijua hadithi yao, maana waliisema mbele yangu: Mkenya mhujumu ameliharibu lori, na magunia yale yalikuwa yake na wenzake. Mke wangu alipewa ruhusa ya kuniletea chakula mara moja kwa wiki. Alileta matoke yaliyofungwa kwa majani ya mgomba, akayasukuma chini ya waya. Alikuwa amekonda. Kila mara nilimuuliza, "Kaka yako anasemaje?" Kila mara alijibu, "Kula kwanza."

Nilijua jambo moja tu la kujitetea, nalo niliwaambia wote walioniuliza: kwenye daftari la hospitali kumeandikwa saa niliyofika na saa mtoto alipozaliwa, na kwenye karatasi ya tanuri saa imechapwa, basi weka viwili hivyo pamoja. Askari mmoja alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniita bwana kwa Kiganda, akaniambia, si kwa ubaya, "Ssebo, hapa hakuna mutu nasoma saa."

Walinitoa asubuhi moja wakaniweka kwenye gari. Nilisali sala zangu zote. Gari likaenda, likaenda, na nilipofungua macho niliona reli, kisha mabati ya karakana yetu. Meja alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amepata mkono mwingine wa usukani, mbovu vile vile, na tangu nikamatwe walikuwa wamekwisha kuvipasua vitu vitatu.

"Utapika hii," alisema. "Ikipasuka, nakurudisha kule. Haipasuki, nenda kwenu Kenya, sitaki kuona wewe."

Basi nilifanya kazi wiki nzima, askari ameketi juu ya pipa la mafuta nyuma yangu, na shemeji mbele yangu akichomelea. Tulirudia kazi yetu ya zamani. Aliinua kofia, nilikuwa tayari na koleo. Mikono haikujua kwamba kuna kitu kimetokea. Nadhani hicho ndicho kilichonitia hasira kuliko vipigo.

Siku ya pili alikuja yule dereva, kwa magongo, kulitazama lori lake. Alikuwa kijana wa kaskazini mwenye macho ya usingizi. Alikaa karibu nami na kusema bila mimi kumuuliza, "Fundi, mimi ndiyo nilisimama hapa nasema haraka, haraka. Mkubwa alitaka gari siku ile ile. Wewe ulikuwa hapana. Huyu bwana alikataa mara mbili, mara ya tatu akafungua mulango. Chuma ilikuwa nyekundu. Akatia katika ndoo, ikalia shwaa."

"Ulimwambia meja?"

"Nilimwambia, nikiwa kwa kitanda. Akasema anajua."

Meja alikuwa anajua. Nilirudi kwenye tanuri langu nikasimama nalitazama. Mpaka hapo nilikuwa nimeamini kwamba kuna mtu mahali fulani aliyedanganywa, na akiambiwa ukweli mambo yatanyooka. Hakukuwa na mtu kama huyo.

Mchana askari alipokwenda kununua sigara nilimuuliza shemeji kwa nini. Hakujifanya haelewi. Alivua glavu, akakaa.

"Wangechukua mmoja au wangechukua wawili," alisema. "Ningesema ni mimi, wangenimaliza siku ile ile. Ningesema ni amri ya meja, wangetumaliza wote wawili. Wewe ni mgeni, muko. Mgeni wakishamtaja redioni humfukuza. Una kwenu pa kwenda. Mimi ningekwenda wapi?"

"Hawakunifukuza. Walinifunga."

"Sikujua."

"Karatasi uliiweka tangu siku ile ile. Kabla lori halijapinduka."

Alizipigapiga glavu gotini. Kisha akasema, na sijui kama alitaka kunipunguzia uchungu au kuugawa, "Nyumbani tulizungumza. Mama alikubali. Dada pia alikuwepo."

Ule mkono wa pili niliufanya ipasavyo. Nimeulizwa na watoto wangu kwa nini, na jibu langu haliwaridhishi. Ningeweza kuuzima moto mapema na kuwa mpakani kabla mkono haujakatika. Meja mwenyewe alikuwa anapanda lori lile. Wazo hilo nilikuwa nalo, nisiseme uongo. Nilikuwa nimeshika valvu ya mafuta. Lakini aliyekuwa ameamriwa kurudi nyuma ya usukani, apone asipone, ni yule kijana wa magongo, na ndiye mtu pekee aliyekuja kuniambia ukweli. Niliuacha ulale usiku kucha. Asubuhi niliupaka mafuta ya taa na chaki, nikaukagua mbele ya meja, haukuwa na ufa hata wa unywele. Akanipa karatasi ya kupita yenye muhuri.

Mke wangu alikuwa amerudi nyumbani kwetu, chumba tulichopanga karibu na reli. Alikuwa anafunga vitu. Nilikaa kitandani, nikamwambia nimezungumza na kaka yake.

Aliendelea kukunja nepi. "Basi unajua," alisema.

"Nataka kusikia kutoka kwako."

"Alikuja analia. Alisema akitajwa yeye, mama atabaki na nani. Mama akaniambia niseme neno langu, kwa kuwa wewe ni mume wangu. Nilikuwa na mtoto wa siku tano. Nikasema nini? Sikusema ndiyo."

"Ulisema hapana?"

"Nilinyamaza."

"Na mimi nikaingia na ndoo ya maji."

"Ukaingia na ndoo ya maji," alisema. Hapo ndipo alipolia, na sikumnyamazisha. Nilitaka kumwambia abaki kwao. Neno lilinifika mdomoni. Mtoto akaamka, akanyoosha mkono wake kama wafanyavyo watoto, akashika kidole changu, si kwa sababu ananijua, maana alikuwa hanijui. Nikamwambia mama yake amalize kufunga.

Tuliishi Kisumu tangu wakati ule. Nilipata kazi ya tanuri kwenye kiwanda. Tulipata watoto wengine watatu. Hatukugombana kuhusu Mengo, wala hatukuizungumza. Kwa miaka mingi kila mke wangu aliponyamaza mezani, hata kwa sababu ya chumvi, nilikuwa naweka kijiko chini na kusubiri. Alilijua hilo. Alijifunza kuzungumza sana, mwanamke aliyekuwa mpole kwa asili, akijaza nyumba maneno ili mimi nile kwa amani. Nilimwacha afanye hivyo. Ni mimi ninayelijutia sasa.

Utawala ule ulipoanguka na barabara kufunguka hatukwenda Kampala. Tulikwenda miaka kadhaa baadaye, mama mkwe alipofariki. Shemeji alikuwa amezeeka kuliko umri wake. Karakana ya Namuwongo ilikuwa imeporwa mpaka mabati, na yeye alikuwa na kibanda cha kuchomelea upande wa Wandegeya. Tulilishusha jeneza pamoja, kamba yeye upande huu na mimi upande ule. Baadaye, watu wakiwa wanakula chini ya turubai, alikuja akakaa mkekani karibu nami, upande wa sikio langu zima. Alijua ni lipi. Nilijiandaa kuombwa msamaha. Nilikuwa na jibu nililolitengeneza kwa miaka mingi, nimelisaga na kulinyoosha.

"Muko," alisema, "kuna jamaa wameniletea shafti ya mashine ya kusaga. Tanuri sina. Nikiizika ndani ya mkaa na majivu, itatosha?"

Nilimtazama. Alikuwa anasubiri kweli, amekunja uso, kama zamani alipokuwa akiniuliza mstari umefika wapi.

Nikamuuliza unene wake. Akanionyesha kwa vidole. Nikamwambia achimbe shimo, alijenge kwa matofali, aweke mkaa chini na juu. Asubiri mpaka shafti iwe na rangi ya damu iliyoganda inayoonekana gizani tu, asiipitishe hapo. Aishikilie saa mbili, kisha aifukie kwa majivu makavu, na asiiguse mpaka kesho. Alikuwa anarudia kila neno kwa midomo. Nilimwambia mara mbili hilo la kutoigusa. Akashukuru, akainuka kwenda kuwahudumia wageni, na lile jibu langu nilibaki nalo.

Ndani ya basi la kurudi, mke wangu aliniuliza tulikuwa tukizungumza nini muda wote ule.

"Kazi," nilimwambia.

Aligeukia dirishani. Tulipita mashamba ya miwa, kisha daraja, na hakusema kitu mpaka mpakani, nami sikumwuliza, wala safari hii sikusubiri neno.